Kicheko Dakika ya Pili

Lucien alinipigia simu saa nane za usiku
kuniuliza kama bado nacheka vile.
Nikamwambia, mtoto wa mama, ndiyo kwanza nimetoka zamu,
nimesafisha damu ya watu kumi na mmoja kwa mashine,
miguu imevimba kama mikate.
Akasema neno la kijinga, la utotoni,
nikacheka.
Kumbe ananirekodi.

Ndivyo nilivyoingia kwenye albamu.
Nyimbo kumi na mbili, sauti kumi na saba:
binti wa Kikorea kutoka Duluth, Georgia, mwimbaji wa harusini,
mvulana wa kantri aliyevaa kofia ya marehemu baba yake,
na mama mmoja wa opera aliyegombana na New Orleans nzima.
Wote walilala sakafuni, gereji ya Lucien, hapa Port Arthur,
milingoti ya kiwanda cha mafuta ikitema moto dirishani,
na asubuhi wakagombea bafu moja.

Huyu ni Lucien Guidry, msisahau,
aliyewapa wafokaji wa Houston besi
ya kulegeza namba za magari.
Mapigo yake yalikuwa na ngumi.
Leo katuletea vinanda vinavyong'aa kama povu la sabuni,
na mapenzi, na mapenzi tena,
na kiitikio ambacho mtu anakiimba mswaki mdomoni.

Ijumaa ikatoka.
Jumatatu gazeti likampa nyota mbili na nusu
(hiyo nusu sijui waliikatia wapi).
"Guidry," aliandika bwana yule, "ni mgeni kwenye karamu yake,
anapitisha sinia, yeye hali."

Nilimchukia siku nne.
Ya tano nikiosha vyombo nikamkumbuka mama,
alivyokula amesimama, jikoni,
wageni wameshaondoka,
akikwangua sufuria kwa kijiko kile kile cha kupikia.
Bwana yule aliona sawasawa.
Ila alidhani anatukana.

Kwa kinyozi, Alcide alizima mashine
katikati ya kichwa cha mteja, upande mmoja upara, mmoja msitu:
"Mcheza kwao hutunzwa. Huyu kaenda kucheza kwa watu."
Wakacheka wote, hata yule nusu kichwa.
Nilikuwa nimempeleka mwanangu.
Nikalipa. Bakshishi sikuacha.

Na huko kwa watu?
Redio ya pop ilisema nzito, besi inawagugumia wasikilizaji.
Redio ya kufoka ikasema nyepesi, haijai hata masikioni.
Nikampigia: kitu kimoja kinakuwaje jiwe na unyoya?
"Labda mizani yao mibovu," akasema,
kisha nikasikia akifungua friji,
akasimama,
akaifunga bila kutoa kitu.

Santuri elfu tatu zikarudi na maboksi yake.
Kazipanga ukutani, kutoka sakafu hadi dari.
Zimemeza mwangwi wote.
"Njoo usikie," anasema, "sasa chumba kina sauti."
Anapiga kofi moja, anasikiliza, anatabasamu peke yake.

Binti wa Duluth bado humwandikia kila Jumapili.
Wa kantri kapata kazi ya kuchomea vyuma.
Yule wa opera alituma bili ya nauli.

Alhamisi iliyopita, kiti namba sita,
mzee Fontenot, bomba mkononi, vipokea sauti kichwani,
kidole gumba cha mguu kikitikisa blanketi.
Dakika ya pili akainua uso.
"Muuguzi, wimbo huu siupendi kabisa.
Lakini nani huyu anayecheka?
Wangempa yeye albamu nzima."

Nikamwambia simjui.
Nikamfunga mkanda wa presha,
nikaukaza kidogo kuliko inavyotakiwa,
naye akarudisha wimbo nyuma
mpaka pale.